Kioo cha Nusu Bei

Mjomba wangu alistaafu akiwa na vitu viwili alivyovipenda kupita kiasi: redio ya mbao na Mercedes-Benz ya mwaka 1993, ile ambayo wapenzi wa magari huijua kwa namba ya W124. Redio ilikuwa ya kila siku. Benzi ilikuwa ya Jumapili, ya harusi na ya misiba. Kila asubuhi aliifuta vumbi kwa kitambaa chake, hata siku ambayo hakuwa na safari. Nasimulia yaliyolipata gari hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilishiriki kosa, na kwa sababu kosa hilo naliona likirudiwa chini ya miembe na kando ya barabara za Dar es Salaam.

Ilianza na kokoto. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro, tumeshaipita Chalinze, lori lililotutangulia likarusha kijiwe kisichozidi punje ya hindi. Kikagonga kioo cha mbele upande wa abiria, ta! Tulipofika nyumbani tukakuta alama kama nyota, ndogo kuliko sarafu ya shilingi mia.

"Hiki si kitu," mjomba akasema, akapitisha kidole juu yake. "Kitakaa hivyo hivyo."

Hakikukaa. Na hapo ndipo kosa letu la kwanza lilipo, kwa maana nyota ile ingezibika. Kioo cha mbele cha gari si kioo kimoja. Ni mabamba mawili, katikati yake umelazwa utando mwembamba wa plastiki, vyote vikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mpaka vikawa kitu kimoja. Asili ya wazo hilo huhusishwa na mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, ambaye chupa yake ya maabara ilianguka mwaka 1903, ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake kulikuwa na utando uliokaukia. Mwaka 1909 akasajili hataza. Ndiyo maana kioo cha mbele kikipigwa huonyesha nyota au ufa, lakini hakikumwagikii mapajani punje punje kama kioo cha mlango. Jeraha likiwa dogo, halijaingia maji na uchafu, wala halijafika ukingoni, fundi hulijaza utomvu maalumu, akaukausha kwa taa yake, na ufa hauendelei tena. Kazi ya dakika chache.

Sisi tuliliacha. Wiki ya tatu, gari limeshinda juani, mjomba akaingia na kufungulia kiyoyozi mpaka mwisho. Nje moto, ndani baridi. Ufa ukaondoka kwenye nyota, ukatambaa mbele ya macho yetu, taratibu kama sisimizi anayejua aendako, hadi ukakata upande wa dereva. Ile methali ya ufa na ukuta ni mjomba aliyenifundisha nikiwa mdogo. Siku ile hakuitamka.

Bima yake ilikuwa bima ndogo, ile inayomlipa mtu uliyemgonga. Kioo chako ni mzigo wako. Tukaenda kwenye duka la vioo. Wakalikagua gari, wakataja bei ya kioo, bei ya gundi na bei ya ufundi, kila moja kwenye mstari wake, kisha wakaongeza kwamba gari litalala kwao. Mjomba akashika kiuno. Mimi, kwa kujiona mjanja, nikamvuta pembeni.

"Mjomba, yupo kijana namfahamu. Kwa nusu ya bei hii anakuwekea kioo kipya, na unaondoka leo leo."

"Una hakika naye, mwanangu?"

"Magari yote ya mtaani anayafanya yeye."

Kijana mwenyewe alikuwa na adabu na mikono myepesi. "Shikamoo, mzee," alisema, akaizunguka Benzi mara moja. "Hii kazi ya saa moja, mzee wangu. Kaa hapo kivulini, soda ikiisha na mimi nimemaliza." Kioo alikileta kwa bodaboda, kimeviringishwa blanketi. Hakuna aliyekikagua. Nilichoangalia mimi ni kwamba kilikuwa safi na kilitoshea.

Sasa ngoja nieleze jambo ambalo sikulijua siku ile. Kwenye Benzi za kizazi kilichotangulia, kama W123 iliyotoka mwaka 1976, kioo cha mbele kinashikwa na raba. Fundi huvisha raba kwenye kioo, akapitisha kamba kwenye mfereji wake, akaivuta kutoka ndani, na raba inajikunja kwenye ukingo wa bodi. Kijana wetu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Lakini W124, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 1984, ni kizazi kingine. Kioo chake kimegundishwa kwenye bodi kwa gundi nzito ya poliyurethani. Ile raba inayoonekana pembeni ni pambo na kizuizi cha vumbi tu, haishiki kitu. Kinachoshika ni gundi, na gundi haionekani.

Kioo kilichogundishwa ni sehemu ya mwili wa gari. Gari likipinduka, husaidia kuzuia paa lisibonyee. Gari likigonga, humzuia aliyemo asirushwe nje. Kwenye magari mengi yaliyofuata, mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka hujiegemeza kwenye kioo hicho hicho ili umkabili abiria. Basi kioo kikiwa hakijashika, mfuko nao unakosa pa kuegemea.

Kijana alikitoa kioo cha zamani kwa kisu na bisibisi. Kila bisibisi ilipopenya, ilikwangua rangi kwenye ukingo wa bodi mpaka bati likaonekana jeupe. Hakuligusa kwa msasa, hakulipaka kitu. Akachukua silikoni, ile ile inayozibia sinki na madirisha ya alumini, akaizungusha ukingoni. Ilinuka siki. Baadaye niliambiwa kwamba harufu ile ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, na kwamba asidi hiyo na bati lililochubuliwa havipatani. Akakiweka kioo, akakigonga kwa kiganja pembe zote nne, akabandika selotepu mbili. Soda ya mjomba ilikuwa imebaki robo.

Tuliondoka tukichekelea. Mjomba akafunga mlango kwa kishindo, madirisha yote yakiwa juu. Hilo nalo ni kosa: hewa inayobanwa ndani ya gari kwa kishindo cha mlango husukuma kioo ambacho gundi yake bado mbichi.

Dalili zilianza mapema, nasi tukazitafutia visingizio. Gari likikaza mwendo kulisikika mluzi mwembamba juu ya dashibodi. Mjomba akasema ni upepo wa bahari. Waipa nayo ikaanza vituko. Benzi ile ina waipa moja tu, lakini hiyo moja imeundwa kwa akili: ikielekea pembeni hujirefusha na ikifika katikati hujifupisha, ili ifute karibu kioo kizima. Kwenye kioo kipya ilikuwa inaacha mkanda wa maji palepale penye macho ya dereva, kwa sababu mkunjo wa kioo haukulingana na ule wa asili. Tukanunua mpira mpya wa waipa. Mkanda ukabaki.

Kisha masika yakaingia. Asubuhi moja mjomba akakuta kapeti la upande wa abiria limelowa. Akalianika. Kesho yake limelowa tena. Ndani kukaanza kunuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na vioo vikawa vinapata ukungu hata kukiwa hakuna mvua. Fundi wa kwanza akasema ni mifereji ya dirisha la paa, ambayo hushusha maji kupitia ndani ya nguzo, akaizibua, akalipwa. Wa pili akasema ni maji ya kiyoyozi. Akazibua bomba lake, akalipwa. Wa tatu, fundi umeme, aliitwa kwa sababu taa za dashibodi zilianza kuwaka zinavyotaka. Akakuta soketi za waya chini ya kapeti zimeota ukungu wa kijani. Akazisafisha, akalipwa. Ile nusu bei tuliyoiokoa ilikuwa imekwisha zamani, nasi bado tulikuwa tunazunguka mbuyu.

Aliyetufungua macho ni fundi mtu mzima wa Ilala. Hakushika bisibisi. Aliomba mpira wa maji na tochi. Akamweka kijana wake nje na mpira, yeye akalala chali chini ya dashibodi na tochi mkononi. "Anza chini," akaamuru, "panda taratibu." Sababu yake ni rahisi: ukianzia juu, maji hushuka yakalowesha kila mahali, usijue yameingilia wapi. Mpira ulipofika pembe ya chini ya kioo, akaita, "Simama hapo!" Mjomba akachungulia. Maji yalikuwa yanateremka kama machozi nyuma ya dashibodi.

Kilichofuata sitakisahau. Fundi alikaa kiti cha abiria, akavua viatu, akaweka viganja viwili kwenye kioo, akasukuma. Bila kisu. Bila waya. Kioo kikaachia upande mmoja mzima, kama mfuniko wa sufuria.

Hakuna aliyesema kitu. Mjomba alikuwa akiendesha gari lile muda wote huo, akiwapeleka wajukuu shule, nyuma ya kioo kilichokuwa kimeegeshwa tu.

"Mzee," fundi akasema hatimaye, kwa upole, "mshukuruni Mungu hamkupata ajali."

Ukingoni bati lilikuwa limeshaliwa na kutu kila palipopita bisibisi. Pembe ya chini kidole kilipenya. Hapo bei ikawa si ya kioo tena. Ilibidi kutu ikatwe, kipande cha bati kichomelewe, pasuguliwe, papakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari, na paachwe pakauke sawasawa. Kabla ya hayo yote, kijana wake alitumia muda mwingi kukwangua silikoni mpaka chembe ya mwisho, kwa kuwa poliyurethani haishiki penye mabaki ya silikoni. Kwa hesabu ya mjomba, jumla ilifika mara tatu ya bei tuliyoikimbia dukani.

Nilikaa nikaangalia kazi inavyotakiwa kufanywa. Kioo kipya kilikuwa na alama pembeni: herufi E ndani ya duara, na namba 43R, kanuni ya kimataifa ya vioo vya usalama vya magari. Kabla ya gundi, fundi alikiweka kikavu mahali pake, akatazama mkunjo na nafasi kila upande, akatia alama kwa selotepu. Alisoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mrija wa gundi, nasi akatuonyesha. Akapaka praima kwenye kioo na kwenye bati, akangoja ikauke. Akakamua gundi kwa mkupuo mmoja, tuta refu lisilokatika, maana kila palipokatika ni mlango wa maji. Yeye na kijana wake wakakishusha kioo pamoja, mara moja, bila kukisogezasogeza.

"Nije jioni?" mjomba akauliza.

"Kesho, mzee. Gundi nyingine hukubali gari litembee baada ya saa moja, nyingine hutaka siku nzima. Hii maelezo yake yanasema kesho. Na ukifika nyumbani, acha dirisha wazi kidogo siku mbili hizi, milango ifungwe taratibu, na usipeleke gari kwenye pampu ya kuoshea."

Mjomba akaniangalia. Sikuwa na la kusema.

Simlaumu sana yule kijana. Alifanya alichokijua, kwa bei tuliyoitaka sisi. Hakutuficha silikoni, aliikamua mbele yetu, nasi tukaangalia mng'ao wa kioo. Gari la kifahari likishazeeka lina mtego wake: bei yake sokoni hushuka ikawa kama ya gari lolote, lakini mahitaji yake hayashuki. Benzi ya mwaka 1993 bado inataka kioo chenye mkunjo wake, gundi ya aina yake na fundi anayeijua. Anayelinunua kwa bei ya uzee akataka na kulihudumia kwa bei ya uzee, atalipa tofauti hiyo kidogo kidogo, kwa mafundi watatu tofauti.

Basi, msomaji, kokoto ikipiga kioo chako, kazibe jeraha wiki hiyo hiyo. Kama ni lazima kioo kibadilishwe, usianze kwa kuuliza bei. Muulize fundi ni gundi gani anatumia, akuonyeshe mrija na tarehe yake. Muulize akichubua rangi atafanya nini. Muulize gari litakaa saa ngapi kabla ya kutembea. Tazama alama kwenye pembe ya kioo. Fundi wa kweli hatakasirika, atafurahi amepata mteja anayejua. Akikujibu kwamba soda ikiisha na yeye kamaliza, mlipe soda yake, washa gari, uondoke.