Mizani ya Mbingu na Mpaka wa Ilimu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeinua mbingu akaweka mizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Bungoma na Kitale juu ya jambo lililoleta mvutano baina ya wazee na watoto wao. Vijana warudipo kutoka shuleni husema kuwa wataalamu waweza kujua sayari za mbali zimefanywa kwa nini, kama ni chuma, mawe, maji au hewa, ilhali hapana aliyezifikia. Baadhi ya wazee hujibu kuwa huko ni kudai ilimu ya ghaibu, na kwamba mwenye kuyasadiki ametoka katika dini.

Jawabu letu ni kuwa kusoma ilimu hii kwafaa, na kumkufurisha kijana kwa ajili yake ni dhulma kubwa.

Tazameni sokoni Kitale. Gunia la mahindi makavu lina kilo 90. Gunia lilo hilo likijazwa makapi, mtoto aweza kuliinua. Mnunuzi akijua ukubwa wa gunia na uzito wake, hupata dalili ya kilichomo kabla hajalifungua. Wanafalaki nao hutafuta vipimo hivyo viwili. Sayari huivuta nyota yake, nyota ikayumba kidogo, na mwanga wake ukabadilika. Kwa hayo hukadiriwa uzito. Sayari ipitapo mbele ya nyota, mwanga hupungua; kwa kiasi cha upungufu huo hujulikana ukubwa. Uzito ukigawanywa kwa ujazo, hupatikana msongamano.

Dunia yetu, kwa wastani, ni nzito mara 5.5 kuliko maji ya ujazo ulio sawa nayo. Mawe tuyakanyagayo hayafiki uzito huo, na hiyo ni dalili moja ya chuma kilichoko ndani kabisa. Zohali ni nyepesi kuliko maji. Na sayari iliyoonekana mwaka 1999 ikipita mbele ya nyota iitwayo HD 209458, msongamano wake ni kama thuluthi ya maji. Basi sehemu yake kubwa ni hewa.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikitia chuma au kito katika chombo kilichojaa maji, akayapima maji yaliyomwagika, akajua uzito wa kila kitu kwa ujazo wake. Al-Khazini alieleza katika Mizanul Hikma, mwaka 1121, mizani ya kutambua dhahabu safi na iliyochanganywa. Waislamu hao walikuwa wakilinda haki za watu sokoni.

Ama ghaibu ni yale ambayo Mwenyezi Mungu hakuyawekea viumbe njia ya kuyajua. Mwenye kupima athari akaijua sababu hakudai ghaibu, kama vile auonaye moshi akasema pana moto. Adaiye ghaibu ni mpiga ramli auzaye bahati za watu kwa nyota zao. Ajabu iliyoje kumwona mzee amkemea mwanawe kwa hesabu, kisha jioni ampelekea mpiga ramli fedha!

Nanyi vijana, jueni mpaka wa ilimu yenu. Gunia likizidi uzito, huenda mahindi ni mabichi, au huenda mtu ametia mawe. Mizani peke yake haisemi ni lipi. Sayari ya nyota GJ 1214, iliyovumbuliwa mwaka 2009, ina msongamano wa kama mara 2 ya maji. Yaweza kuwa na maji mengi, au kuwa na mawe yaliyofunikwa kwa hewa nyepesi. Na mwaka 2019 nchi yetu ya Kenya iliipa sayari moja jina la Buru, yaani vumbi kwa Kijaluo, na nyota yake Kalausi, yaani upepo wa kisulisuli. Buru imejulikana kwa kuyumba kwa nyota yake tu. Ukubwa wake haukupimwa, basi msongamano wake hausemwi. Wataalamu wa kweli hunyamaza palipo na kipimo kimoja.

Nasi tumekatazwa katika Suratul Israa kufuata tusiyo na ilimu nayo. Ikiwa mtu hahukumu juu ya vumbi la mbinguni mpaka apate vipimo viwili, vipi twahukumu juu ya imani ya mtoto wa Kiislamu kwa neno moja alilolisema mezani? Wazee wawasikilize watoto mpaka mwisho, na watoto wawaeleze wazee kwa adabu, bila kujivuna.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na ulimi usiopita ilimu yake. Amin.