Mkristo Mbele ya Serikali Dhalimu

Utii kwa serikali ni wajibu wa Mkristo, lakini wajibu huo una mpaka. Warumi 13 hufundisha kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu na kodi ilipwe. Matendo 5 huwaonyesha mitume wakikataa katakata amri ya kuacha kuhubiri. Mafundisho hayo hayagombani. Mtawala hutiiwa katika kazi aliyopewa, ila akiamuru dhambi, amri hiyo haimfungi mtu. Thomas Aquinas alitofautisha: sheria inayomwonea mtu katika mali yake yaweza kuvumiliwa ili kuepusha fujo, inayomlazimisha kumkosea Mungu haivumiliki. Kwa hiyo ushuru mzito wa kahawa haumfanyi mkuu kuwa Nebukadneza, mfalme aliyelazimisha watu kuabudu sanamu.

Kanisa katika Ruvuma, kusini mwa Tanzania, lilionja mapema gharama ya kuwa karibu mno na boma. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilipoingia Ungoni mwaka 1905, misheni ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Padre Johannes Häfliger alibatiza baadhi yao kabla ya kitanzi. Kumwandaa mtu kufa ni huruma, lakini haitoshi pale ambapo hukumu yenyewe ni ya kikatili.

Siku hizi majaribu mengi huanzia kijijini. Mtendaji akidai mchango bila stakabadhi, Mkristo wa Mbinga, mkoani humo Ruvuma, asijifiche kwenye mibuni, wala asimtukane kilabuni. Na amwamkie kama kawaida, aombe stakabadhi mbele ya shahidi, na akinyimwa, alipeleke swali kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana angalau kila miezi 3. Anayelipa kimyakimya kisha akanung'unika mwaka mzima hajamtii mtu wala hajamsaidia.

Amri ya kutenda uovu ni jambo jingine. Mgambo aliyetumwa kuchoma nyumba ya jirani, au karani aliyeagizwa kubadili hesabu za kura, hawezi kujitetea kwamba alitumwa. Akatae waziwazi, bila matusi na bila kulipiza kisasi, akijua kwamba kazi yaweza kupotea. Aendelee pia kumwombea mkuu huyohuyo, kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza.

Viongozi wa dini wasiwatangulize waumini hatarini wao wakibaki nyuma. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, tarehe 8 Machi 1992, makanisa ya Kikatoliki ya Malawi yalisoma waraka uliokosoa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Maaskofu waliutia sahihi kwa majina yao, na ndio walioitwa na polisi kuhojiwa. Mwaka 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na mwaka uliofuata Banda alishindwa katika uchaguzi.