Tukisema Karibu, Nani Yumo Nyumbani?

Mtu akipita njiani akabisha hodi, na kutoka ndani akasikia "Karibu," huvua viatu akaingia. Akikuta chumba kitupu, hakuna mtu wala kigoda, na kumbe sauti ile ilikuwa ya redio iliyosahauliwa imewashwa, atafanya nini? Atatoka, na huko aendako atasimulia. Wala hatuwezi kumlaumu.

Wakristo wenzetu, tumeanza hivyo kwa sababu ya shauri lililoletwa tena mbele ya Halmashauri ya Mtaa wetu hapa Vwawa. Vijana wanaomba Kanisa liwe na tovuti yake, na ukurasa wa Facebook, na namba ya WhatsApp, ili Injili iwafikie watu wasiotufahamu. Baadhi ya wazee wamekataa, wakisema Kanisa ni watu, si simu. Wengine wamekubali upesi mno, ati kwa kuwa makanisa mengine yanavyo vitu hivyo. Sisi twaona pande zote mbili zimeliruka swali lenyewe. Intaneti imekwisha kuja, nasi hatukuulizwa. Lililobaki kwetu ni hili: je, ni haki kumwita mtu ambaye hatujajiandaa kumpokea?

Yafaa kwanza tuwafikirie hao tunaotaka kuwaita. Tangu mwaka 2016 mji wetu ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe, na watumishi wengi wamehamishiwa hapa kutoka kila pembe ya nchi. Miongoni mwao wamo Waanglikana wa Masasi, wa Muheza, wa Dodoma, waliozoea kanisa lao kuwa karibu na soko. Hapa Mbozi mambo ni mengine. Wamoraviani wamekuwapo tangu mwaka 1899, na mgeni akishuka basi na kumwuliza kijana wa bodaboda lilipo kanisa, atapelekwa kwa Wamoraviani, na kijana hatakuwa amesema uongo. (Hatusemi twende tukawanyang'anye kondoo wao. Tunasema habari za wetu waliopotea njia.) Wapo tena watoto wetu waliokwenda Mbeya na Dar es Salaam, ambao hukumbuka nyumbani usiku wakiwa na simu mkononi. Na ipo barabara kuu, inayopita mbele ya nyumba zetu na malori yake mchana na usiku kwenda Tunduma. Tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kimefanya kazi ili kupunguza usumbufu, lakini foleni bado twaijua. Madereva wa kwetu, wa Zambia na wa Kongo hulala ndani ya magari yao, wakipika chai kando ya matairi. Watu hao hawana mtaa wala jumuiya. Wana simu.

Sasa hatuna budi kuungama jambo. Miaka michache iliyopita baadhi yetu tulikuwa katika mtaa mwingine, tusioutaja, kandokando ya barabara hii hii, na huko tulifungua ukurasa wa Kanisa kwa shangwe. Kijana mmoja aliyejua mambo hayo akaweka picha za ziara ya Askofu, za Kipaimara, za kwaya katika sare mpya. Juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI NYOTE. Baadaye kijana yule akaenda chuoni, na neno la siri la kufungulia ukurasa akaenda nalo kichwani. Hakuna aliyeuliza. Aliporudi likizo aliufungua mbele yetu ili tuone picha za Pasaka, na hapo ndipo tulipoona kwamba kulikuwa na barua ndani.

Nyingine zilikuwa za mzaha. Moja ilitoka kwa dereva wa lori, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Alisema yuko katika foleni ya Tunduma siku ya nne, amepata habari kwamba mama yake amefariki huko kwao, gari la watu hawezi kuliacha, naye anatafuta mtu wa kusali naye. Aliuliza ibada ya Jumapili ni saa ngapi. Baada ya saa tatu aliandika tena neno moja tu: "Hodi?" Barua ile ilikuwa imekaa wiki kumi na moja.

Tulimjibu siku ile ile, kwa maneno mengi. Yeye hakujibu, na kwa kweli angefanya nini na maneno yetu wakati huo? Mama alikwisha zikwa.

Wapo waliotufariji wakisema hakuna ubaya uliotendeka, maana kama ukurasa usingekuwapo, mtu yule asingepata msaada vilevile. Tumelifikiri neno hilo mara nyingi, nalo si kweli. Ukurasa usingekuwapo, angemwambia dereva wa gari la mbele. Angemwuliza mama ntilie. Angefuata kengele yoyote aliyoisikia, ya kwetu au ya wengine, na huko angekuta watu. Badala yake alikaa na simu yake akitazama kama kuna jibu. "Karibu" yetu ilimfanya angoje. Hapo ndipo ubaya ulipo: tulimzuia asiende kwa mwingine, nasi wenyewe hatukuwapo.

Mwingine atasema kwamba hata jengo la kanisa hufungwa siku za kazi, na mtu akija Jumanne asubuhi hamkuti Padre. Ni kweli. Lakini kufuli huonekana. Mtu akiliona huuliza nyumba ya Padre iko wapi, na mtoto humwonyesha. Ukurasa hauna kufuli la kuonekana. Usiku na mchana unaonekana wazi, taa zinawaka, kwaya inatabasamu.

Tusidhani jambo hili ni geni katika Kanisa letu. Askofu Tozer na Padre Edward Steere walipofika Zanzibar mwaka 1864, kazi ya kupiga chapa ilikuwa miongoni mwa kazi zao za mapema, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Mwaka 1888 huko Kiungani kukaanza gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi, nalo lilichukua habari kutoka vituo vya mbali, ili waliokwisha kutawanyika wajue wenzao wanaendeleaje. Tukilitazama vema, hilo lilikuwa jambo lile lile wanaloliomba vijana wetu leo. Tofauti tunayoiona sisi ni kwamba kila habari ilitoka mahali penye mwalimu au padre, na msomaji akienda pale alimkuta.

Hata Mitume walitumia chombo cha wakati wao, yaani waraka. Mtakatifu Paulo aliandika nyaraka nyingi, lakini tazameni jinsi alivyozituma. Tikiko alikwenda nazo kwa Waefeso na Wakolosai, naye alitakiwa kuwaeleza kwa mdomo yale ambayo hayakuandikwa. Na yule mzee aliyeandika waraka wa pili na wa tatu wa Yohana anasema waziwazi kwamba ana mengi ya kusema, ila hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino, anataka waonane. Katika Matendo ya Mitume mlango wa 8 yumo Mwethiopia anayesoma chuo cha Isaya akiwa safarini, ndani ya gari, katika barabara ya jangwani. Maandiko alikwisha kuwa nayo mikononi, kama vile dereva wetu alivyokuwa na Biblia nzima ndani ya simu kama angeitaka. Alichokosa ni mtu wa kupanda na kukaa karibu naye. Filipo alilikimbilia gari.

Twakubali kwamba upo wakati ambapo chombo chenyewe ndicho kila kitu. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ibada za makusanyiko zilisimamishwa nchini Kenya, ingawa hapa kwetu nyumba za ibada hazikufungwa. Walipoanza kufungua mwezi Julai, iliamriwa wasizidi watu 100 kwa saa moja, na waliopita umri wa miaka 58 wabaki nyumbani. Kwa mzee wa Nairobi ibada ya kwenye kioo cha simu ndiyo iliyokuwa kanisa lake, na asiyekuwa na simu ya namna hiyo, au aliyeishiwa bando, hakuwa na chochote isipokuwa jirani aliyemkumbuka.

Lakini chombo huweza kuondoka kwa siku moja. Mwaka 1963 Walutheri wa dunia walifungua kituo kikubwa cha redio mjini Addis Ababa, na studio ya Sauti ya Injili huko Moshi ikatengeneza vipindi vya Kiswahili vya kurushwa kutoka huko. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile, na mitambo yote ikaenda. Watu wa Moshi walibaki. Nasi tumeonja kidogo: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku zile za hofu habari za nani yuko salama na nani hajarudi zilichukuliwa kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Mtaa ambao watu wake walifahamiana kwa kundi la WhatsApp tu ulikuwa bubu.

Je, basi tuwaambie vijana waache? Hapana. Kunyamaza nako kuna deni lake. Mtandaoni humo humo wamejaa wahubiri wanaouza mafuta na maji ya baraka, na wanaomwahidi mjane kwamba akituma fedha kwa simu, mtoto wake atapata kazi. Wao hujibu upesi sana. Mtu mwenye kilio saa sita za usiku akiandika, watamjibu saa sita na dakika mbili, pamoja na namba ya kutumia fedha. Sisi tulio na mafundisho mazuri tumelala. Dereva yule, kwa yote tunayoyajua, alipata jibu kwa watu wa namna hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo hutuchekesha na kutusumbua pamoja. Kwenye kurasa hizo watu wanaotutazama huitwa wafuasi. Kijana hutuletea habari kwa furaha: "Padre, tumefikisha wafuasi elfu moja!" Neno hilo katika Kanisa lina uzito wake. Mfuasi ni mtu aliyeacha nyavu zake. Huyu wa simu amegusa kioo kwa kidole gumba, pengine akiwa ndani ya basi, na kesho hatakumbuka. Si kosa lake. Ni kosa letu tukienda kuihesabu namba ile mbele ya Sinodi kana kwamba ni mavuno.

Na jingine ni la picha. Akina mama wa Umoja wanapopeleka unga na sabuni kwa mgonjwa, siku hizi kuna mtu nyuma yao amenyanyua simu. Tunajua nia yake: watu waone Kanisa linatenda kazi. Lakini mgonjwa amelala, shuka haikumfunika vizuri, naye hawezi kusema hapana kwa watu waliomletea chakula. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotaka ridhaa ya mtu. Sisi twaona hata bila sheria, picha ile isipigwe. Kama hatuna njia nyingine ya kuonyesha upendo wetu, basi usionekane.

Kwa hiyo tuliyoyapendekeza kwenye Halmashauri ni machache, na mengine yatawavunja moyo vijana. Tovuti ingoje. Kwanza iwepo simu moja ya mtaa, isiyo mali ya mtu, na namba moja. Namba hiyo iandikwe mtandaoni pamoja na mahali kanisa lilipo na saa za ibada, kwa Kiswahili chepesi, na iandikwe vilevile kwenye kibao kando ya barabara kuu, kwa ajili ya wenye kitochi ambao intaneti hawana. Neno la siri lijulikane kwa watu watatu. Kuwe na daftari, na kila anayepiga au kuandika aandikwe humo, na nani alimjibu, na nani alikwenda kumwona. Asiyeweza kufikiwa na sisi kwa sababu yuko mbali aelekezwe kwa Kanisa lililo karibu naye, hata likiwa la Wamoraviani au la Wakatoliki, na tupige simu wenyewe kuwaambia anakuja. Mahubiri yakiwekwa yawe ya sauti, mafupi, yasimalize bando la mtu.

Na ukurasa wenyewe usifunguliwe mpaka zamu za kujibu zijae. Hilo ndilo lililoleta ubishi mrefu, na kikao kiliisha giza limeingia. Hata hivyo karatasi ya zamu ilipitishwa. Umoja wa Mama wamechukua mchana wa siku zote za kazi. Vijana wamechukua jioni, na mzee mmoja aliyekuwa amepinga shauri zima tangu mwanzo amejiandikisha alfajiri ya Jumatatu na Alhamisi, kwa kuwa, asema, usingizi wenyewe umekwisha mkimbia. Imebaki nafasi moja, ya usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Karatasi iko mlangoni mwa sakristia, na kalamu imefungwa kwa uzi.