Wito Uliokataliwa

Mary McLeod Bethune alizaliwa mwaka 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, nchini Marekani, kwa wazazi waliokuwa wamezaliwa utumwani. Alisoma Biblia huko Chicago akiwa na nia moja, kuja Afrika kuwa mmisionari. Alipoomba kutumwa, bodi ya misioni ya Wapresbiteri ilimjibu kwamba haina nafasi Afrika kwa mmisionari mweusi. Tulisome jibu hilo polepole, sisi tulio Afrika. Miaka mingi baadaye alisema hakuna jambo lililomvunja moyo kama hilo.

Je, hakuwa ameitwa? Sisi Walutheri tunafundisha kwamba mtu hajitumi mwenyewe. Kanisa ndilo linalothibitisha wito. Ni fundisho jema, limetuepusha na wengi wanaojitangaza. Lakini bodi ile haikusema kwamba imani yake ni haba au elimu yake haitoshi. Ilitazama ngozi.

Akarudi kusini kufundisha. Tarehe 3 Oktoba 1904 alifungua shule Daytona, Florida, akiwa na dola moja na nusu, wasichana watano na mwanawe wa kiume. Makasha yaliyotupwa yakawa madawati, maji ya matunda ya porini yakawa wino. Alioka pai za viazi vitamu akauza. Shule ile ikaja kuwa chuo. Mwaka 1935 alianzisha baraza la kitaifa la wanawake weusi, na Rais Roosevelt alimtaka ushauri.

Hapa pana mtego. Tunapenda kusema: mnaona, Mungu alifunga mlango huu ili afungue ule. Tunayasema hayo hata katika sharika zetu, binti anapozuiwa kusomea uchungaji kwa sababu ya kabila la baba yake, au kwa kuwa ni mwanamke tu. Yusufu aliweza kukiri kwamba Mungu aligeuza ubaya kuwa wema, lakini neno hilo lilitoka kinywani mwake yeye, aliyeuzwa. Ndugu zake hawakuwa na haki ya kulitamka. Lao lilikuwa kuomba msamaha, na waliomba, ingawa walingoja mpaka baba yao amekufa.

Bethune alifika Afrika mwaka 1952, akiwa na miaka 76, kuiwakilisha Marekani Rais Tubman alipoapishwa nchini Liberia. Aliyemtuma ni serikali.