Ahadi ya Skauti na Mateka wa Vita

Uskauti asili yake ni vita. Baden-Powell alizingirwa Mafeking siku 217, mwaka 1899 hadi 1900, na huko vijana walichukua barua zake. Je, kitu kilichotoka vitani chaweza kumfunza mtu kumhurumia adui?

Butiama, kijiji kisicho mbali na njia ya Musoma na Bunda, kilizaa watu wawili wa kulipimia swali hili. Julius Nyerere alikisoma kitabu cha Baden-Powell shuleni Tabora, akaanzisha skauti na wenzake. David Musuguri aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Madagaska. Mmoja alijifunga kwa ahadi ya hiari. Mwenziwe kwa amri, tena ya wageni.

Mwaka 1979, katika vita vya Kagera, Nyerere alikuwa Amiri Jeshi Mkuu, naye Musuguri aliongoza Divisheni ya 20. Walibya waliotumwa kumsaidia Idi Amin walitekwa, na baadaye wakarudishwa kwao. Huenda ilikuwa siasa tu. Lakini mateka hana bunduki wala cha kumlipa mlinzi wake. Wema atendewao hamna awezaye kuudai. Na ahadi ya skauti, ya kumsaidia kila mtu, hutamkwa na mtoto ambaye bado hajamwona adui.