Kiumbe Asiyetazamwa na Mtu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari baridi za kusini na kuja kuzaa katika maji ya joto ya Afrika Mashariki. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, mashua huwabeba watu waliolipa ili wamwone mnyama huyo akiruka, au angalau wauone mkia wake ukizama. Mtu wa Shabunda, mashariki mwa Kongo, akisikia habari hizo anaweza kucheka. Bahari iko mbali naye zaidi ya kilomita elfu moja, na hata kufika Bukavu, makao makuu ya mkoa wake, barabara ya kupitia Burhale ni mateso. Lakini swali lililobebwa na mashua ile linamhusu yeye kuliko linavyomhusu mtu wa Watamu. Siku hizi tunaambiwa mnyama alindwe kwa kuwa wapo watu wanaokuja kumtazama. Basi yule ambaye hakuna anayekuja kumtazama anatudai nini?

Wanaotegemea macho ya mgeni wana hoja, tena si ya kubeza. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wavuvi waliwahi kuwaua pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama na kuogelea nao, na pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo wa chambo. Karibu na Bukavu, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver alifuata njia hiyohiyo. Aliwazoesha gorila kuwa karibu na binadamu, na wageni wakaanza kupanda hadi kituo cha Tshivanga kuwaona. Gorila wakapewa majina. Maheshe, dume mwenye mgongo wa fedha, alichapwa hadi kwenye noti ya Zaire. Haya yote yana uzito: macho ya mgeni yaliweza kuzuia kisu mahali ambapo amri ya serikali ilishindwa.

Ila tuufuate mfano huo hadi mwisho wake. Maheshe aliuawa na majangili mwaka 1993, noti yake ikiwa bado mifukoni mwa watu. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikaja, wageni wakaondoka, na katika eneo la milimani la hifadhi gorila wakapungua kutoka 250 hivi hadi karibu nusu yake kufikia mwaka 2000. Familia zilizoumia sana ni zile zilizokuwa zimezoeshwa. Zilikuwa zimefundishwa kutomkimbia mtu, na mwenye bunduki ni mtu vilevile. Hata Kizimkazi, watafiti wamegundua kwamba pomboo wanaozungukwa na mashua hupumzika kidogo na hutumia muda mwingi wakihama huku na huku. Thamani iliyowekwa na mtazamaji haimwachi mnyama alivyokuwa. Humgeuza awe wa kutazamwa, na mtazamaji akiondoka, mnyama hubaki bila hofu yake ya zamani na bila mlinzi.

Sasa tushuke Shabunda. Sehemu ya mabonde ya Kahuzi-Biega, iliyoongezwa mwaka 1975, inaingia hadi katika wilaya hii kubwa ya Warega. Lakini hapa hakuna kituo cha wageni wala gorila mwenye jina. Wanaokuja kutoka mbali hufuata koltani, kasiteriti na dhahabu ya mto Ulindi. Nyama ya porini ndiyo chakula cha kambi za machimbo. Kwa hesabu ya macho, gorila wa huku ni sawa na asiyekuwepo. Na kweli, hesabu zenyewe zilimkosa. Makadirio ya mwaka 2016 yalisema gorila wa jamii hii, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote ila Kongo, wamebaki 3,800 hivi. Miaka mitano baadaye idadi ikapandishwa hadi 6,800, hasa kwa sababu watafiti walifika kwenye misitu ambayo awali haikufikiwa. Wale waliokosekana hawakuzaliwa siku walipohesabiwa. Waliishi, walinyonyesha na walikufa bila shahidi. Anayedai kwamba thamani ya mnyama hutoka kwa mtazamaji ana kazi ya kutueleza thamani yao ilikuwa wapi miaka yote hiyo.

Jibu la dini zetu ni wazi kuliko tunavyolihubiri. Katika kitabu cha Mwanzo, wanyama wakubwa wa baharini huumbwa siku ya tano, na Mungu huona kuwa ni vyema. Binadamu anakuja siku ya sita. Wema wa nyangumi ulikwisha kutamkwa wakati hakukuwa na jicho la mtu la kuuthibitisha. Mungu anapomjibu Ayubu, anamkumbusha mvua inayonyesha nyikani pasipo na mtu, na wanyama wa majabali wanaozaa bila mtu kujua siku yao. Kurani nayo, katika sura ya Al-An'am, inawaita wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi, na umma hauwi umma kwa kutembelewa. Wapo watakaonikumbusha kwamba Mwanzo hiyohiyo ilimpa mtu mamlaka ya kutawala. Sawa, lakini aliyepewa kutawala alikuta bei imekwisha kupangwa na Mwenyewe. Msimamizi wa mali hana ruhusa ya kuishusha kwa sababu wanunuzi hawakufika.

Na Warega hawakungoja vitabu hivyo ili wajue jambo hili. Kakakuona hutoka usiku, hujificha mchana, na mtu anaweza kuzeeka msituni akiwa amemwona mara chache mno. Hata hivyo kumwua kulikuwa mwiko, na aliyemkuta amekufa alipaswa kumpeleka kwa wazee wa bwami, chama chao cha jadi, ili agawanywe kwa utaratibu wao. Katika mapokeo yao ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, kama magamba yake yalivyopangana. Deni kwa mnyama huyu lililipwa kwa kumwacha apite, bila mtu kulipa kiingilio ili amwone.

Utaniambia nimeremba. Kakakuona alikuwa na mwiko, gorila aliliwa. Serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku mwaka 1933 na tena 1948, na leo kambi za machimbo zimejaa watu ambao mwiko wa Kirega hauwahusu, huku magamba ya kakakuona yakitafutwa na wafanyabiashara wa nje. Yote ni kweli, na sidai kwamba mila peke yake ingemzuia mwenye njaa. Wala sidai kwamba walinzi wa hifadhi watakula hewa: mishahara inahitajika. Ninachokataa ni kuuweka msingi juu ya kiingilio cha mgeni, kwa kuwa tumeona kinavyokatika. Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23 Februari 2025, hakuna aliyehitaji kuuliza watalii wako wapi. Na hoja kwamba watu hawawezi kujali wasichokiona imekwisha kukanushwa na nyangumi mwenyewe. Mwaka 1970 mwanabiolojia Roger Payne alitoa sahani ya santuri yenye sauti za nyangumi wenye nundu, na watu wengi ambao hawakuwahi kumwona wala hawangemwona maishani wakasimama kumtetea. Mwaka 1986 marufuku ya uwindaji wa kibiashara ilianza kutekelezwa. Mashua ya Watamu imekuja baada ya huruma hiyo, haikuizaa.

Kuna deni jingine ambalo macho ya mgeni yameliongeza. Ili hifadhi ya Kahuzi-Biega iwe mahali pa kutazama wanyama, Wabatwa walioishi humo walifukuzwa katika miaka ya 1970, na hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyowapa haki ilitangazwa mwaka 2024 tu. Aliyeishi na gorila aliondolewa ili apishwe anayepita kwa saa moja. Imani inayosema kiumbe ana thamani bila kuonwa isingefika huko, maana isingemhitaji mgeni kwanza.

Kwa hiyo Shabunda isiahidiwe watalii ili iambiwe ichunge msitu wake. Hawatakuja, na ahadi isiyotimia huwapa watu sababu ya kuukata. Mapadri, wachungaji, mashehe na wazee wa bwami walio huko wanayo hoja iliyo imara kuliko hiyo, na wanaweza kuisema Ijumaa hii na Jumapili hii bila kungoja mradi wa mtu.