Deni la Jana na Msaada wa Leo

Je, ni haki deni la jana lihesabiwe katika msaada wa leo? Huko Marekani, msaada wa serikali kwa matibabu ya maskini, uitwao Medicaid, ulianzishwa mwaka 1965. Katika majimbo kadhaa, mgonjwa ambaye mapato yake yazidi kiasi kilichowekwa hubeba kwanza fungu lake la gharama, ndipo serikali hulipa zinazofuata. Deni la zamani la daktari, likiwa halijalipwa, laweza kuhesabiwa katika fungu hilo, ila si mara mbili. Naona ni haki, maana fedha iliyo mkononi mwa mdaiwa si yake yote. Lakini serikali yaupima mzigo huo tu, haiuondoi. Dawa ya deni ni kulipa.